Farasi Watatu, Kutoka Keko Hadi Msasani

Ukienda kujifunza rangi za mafuta Temeke, fundi anakuuliza umekuja na picha gani. Msasani anakuuliza una muda kiasi gani. Mafundi wa pande zote mbili hufundisha kwa kunakili, wala sijakutana na hata mmoja aliyemkalisha mwanafunzi chini ya mwembe akamwambia achore kilicho moyoni. Ila wa Temeke ananakili kilicho mbele ya macho: kalenda, picha ya pasipoti, kadi ya harusi, chochote alicholeta mteja. Wa Msasani hana karatasi yoyote mbele yake. Anachokichora kilishaingia mkononi zamani, na mwanafunzi wake hanakili picha, ananakili mkono wa mwalimu.

Mimi nilikwenda na picha. Niliinunua Kariakoo kwa wale wauza fremu wanaopanga bidhaa kando ya barabara: Ayatul Kursiyu kwa herufi za dhahabu, Yesu na moyo wake, Al-Kaaba usiku, maporomoko ya maji yenye taa nyuma, na katikati yao mandhari ya shamba la Kizungu, farasi watatu wakivuta gari la mbao ndani ya mto mdogo. Haikuandikwa jina la mchoraji, na wino wa buluu ulikuwa umezishinda rangi nyingine zote, lakini picha yenyewe inajulikana. Aliichora Mwingereza John Constable mwaka 1821 na kuionyesha kwa jina la Mandhari: Adhuhuri. Watu wakaizoea kama The Hay Wain, kwa ajili ya hilo gari la kubebea nyasi kavu. Mto ni Stour, unaotenganisha Suffolk na Essex, na nyumba ya upande wa kushoto ni ya mkulima aliyeitwa Willy Lott. Mwaka 1824 ilipelekwa Paris, na mfalme Charles wa 10 akamtunuku Constable medali ya dhahabu. Yenyewe iko National Gallery, London. Nakala zake ziko kila mahali, sebule za Mbagala zikiwemo.

Nilichagua farasi kwa sababu Dar es Salaam ni mnyama wa kusikia. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwanyima farasi njia ya kuingia katika nchi hizi, ndiyo maana mizigo ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Ng'ombe, mbuzi na punda kila mchoraji amewahi kuwashika mkia. Farasi atamtoa kwenye picha, na mimi nilitaka kuona anamtoaje.

Keko

Barabara ya Chang'ombe pale Keko, Temeke, imejaa vitanda. Makabati, meza za vioo, makochi ambayo hayajavishwa kitambaa, vyote vimesimama nje vikisubiri wateja, na nyuma yake maseremala wanapiga randa tangu asubuhi. Fundi wangu amejibanza kati ya karakana mbili. Hadibodi anazochoria ni masalia ya migongo ya makabati, anazipata kwa utani na soda. Anaandika mabango ya saluni, anachora katuni kwenye kuta za shule za chekechea, na mtu akifiwa anamletea picha ndogo ya kitambulisho ili amtolee marehemu sura kubwa ya kutundika ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Picha iko wapi?"

Nilipompa aliigeuza juu chini kabla hajaitazama. Nikadhani anatafuta bei nyuma. Kumbe ndivyo anavyoanza na kila picha ngeni. Akaisimamisha hivyo, farasi miguu juu, anga chini, akachukua rula na kalamu ya wino mzito, akachora miraba juu ya kioo cha fremu. Kila mraba ulikuwa na sentimita 2. Kwenye ubao akapiga miraba ya sentimita 6 kwa penseli, akaipa namba, akaniambia nichore mraba mmoja mmoja na nisithubutu kutazama wa pili kabla sijamaliza wa kwanza.

"Ukiwaona wamesimama sawasawa utachora farasi unayemjua wewe," alisema. "Na wewe humjui."

Nimesoma baadaye kwamba walimu wengi wa kuchora duniani hutumia mbinu hiyo ya kupindua picha. Mzee hakuisoma popote. Aliipata kwenye picha za marehemu, maana jamaa wa marehemu ndio wateja wakali kuliko wote, na ukimchora kwa kubahatisha unampa kila mtu pua ya mjomba wako.

Kwa hiyo siku za mwanzo sikuchora farasi. Nilichora vipande vya kahawia vyenye ncha hapa na tumbo pale. Katika mraba fulani palikuwa na umbo jeusi linalofanana na Kisiwa cha Mafia kwenye ramani. Lilikuwa kivuli cha chini ya shingo. Ubao ulipogeuzwa, wanyama walikuwepo, wamesimama majini, na nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyowajua kunizidi mimi.

Kisha rangi. Nilikuwa nimenunua tyubu za rangi za wasanii, zinazosagwa na mafuta ya mbegu za kitani, na seti ndogo tu ilinigharimu zaidi kuliko kopo la lita moja la rangi ya mafuta ya nyumba. Mzee alizipima mkononi, akacheka, akarudi kwenye makopo yake. Lakini alikubali tuzitumie, nami nikaelewa kwa nini Keko hawazitaki. Rangi ya kopo, inayopakwa kwenye milango na magrili, ina kiyeyushi kinachoruka hewani, na baada ya saa chache unaigusa. Mafuta ya kitani hayaruki. Yanakauka kwa kunyonya oksijeni polepole, na tabaka nene linaweza kubaki bichi siku nyingi. Kwenye studio ya London huo ni uhuru, unaweza kurudi kesho ukalainisha shavu la mtu. Keko ni balaa. Hewa imejaa unga wa mninga na mvule, na wote unatafuta mahali pabichi pa kutua. Mzee hulaza mbao mbichi juu ya kenchi, uso ukiangalia chini, na asubuhi tunazishusha tukizipuliza kwa mdomo.

Sheria kubwa ya rangi za mafuta ni kwamba tabaka la chini liwe jembamba, limezimuliwa kwa tarpetaini, na kadiri unavyopanda mafuta yaongezeke. Ukifanya kinyume, la juu hukauka mapema, la chini linaendelea kujivuta, na picha inapasuka. Tulianza na kahawia ya udongo peke yake, nyepesi kama chai ya rangi, tukaweka giza na mwanga wote bila kugusa kijani wala buluu. Kahawia hiyo ina manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha ukaukaji, kwa hiyo wachoraji wa zamani wa Ulaya walipoitanguliza hawakuwa wanatafuta uzuri tu. Mzee alikuwa anaijua nusu ya sheria hiyo kwa njia yake. Rangi ya kopo ukiipaka juu ya tabaka bichi, inakunjamana, na ameshakunjamanishiwa mabango ya kutosha.

Tulibishana juu ya kivuli. Nilimweleza kwamba Constable aliiita picha adhuhuri, naye akaweka kidole chini ya farasi. "Saa sita mchana kivuli kiko hapa, tumboni kwa mnyama. Huyu amekitupa pembeni." Nikamwambia Suffolk iko kwenye nyuzi 52 kaskazini, hata mwezi Juni jua la mchana haliinuki zaidi ya nyuzi 62, wakati Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka. Akafikiri. "Basi adhuhuri yao ni alasiri yetu." Akaniachia kivuli kilivyo, lakini kwenye nakala aliyokuwa akiichora yeye mwenyewe kando yangu, ya kuuza, aliwatia farasi giza tumboni. Nakala yake ilionekana ya kweli zaidi. Sikumwambia.

Yeye ndiye aliyeona nyekundu. Farasi wa Constable wana mapambo mekundu kwenye matandiko yao, madogo, na kwenye chapa yangu yenye buluu nyingi yalikuwa yamebaki kama kutu. Mzee aliyafunika kwa kidole gumba. Miti yote ikapoa. Akatoa kidole, kijani kikaamka. Wahakiki wa Uingereza wameandika sana kuhusu nyekundu hiyo iliyowekwa dhidi ya kijani. Fundi wa mabango ya saluni hahitaji kusomewa.

Jambo moja nililigundua mwenyewe, nikalifurahia. Farasi wamesimama kwenye kivuko, na maji yamefunika kwato zao. Kwa anayeanza hiyo ni sadaka. Kwato na vifundo vya farasi ndivyo vinavyowaumbua wachoraji, na Constable amevizamisha.

Msasani

Kutoka Keko hadi Msasani ni mwendo wa kuvuka jiji lote, kutoka vumbi la mbao kwenda upepo wa bahari. Ukipita daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, unaibukia karibu na Coco Beach, na hapo nyumba zina kuta ndefu na walinzi. Kando ya Barabara ya Haile Selassie, jirani na pale palipokuwa duka la Morogoro Stores, ndiyo makao ya wachoraji wa Tingatinga.

Historia yao inajulikana lakini hufupishwa vibaya. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam na kuwa mtumishi wa nyumbani. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kopo juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores. Inasimuliwa kwamba kilichomwamsha ni picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikitembezwa mjini wakati huo. Kama ni hivyo, mwanzilishi mwenyewe alianza kwa kutazama picha za wenzake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi minne. Kilichobaki ni vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu na jamaa wa huko kusini, akina January Linda, Adeusi, Ajaba Abdallah na Simon Mpata. Hao walifundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika.

Hesabu ya ubao nayo ni sehemu ya mtindo. Hadibodi nzima ni futi 4 kwa 8. Ukiikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata 8 bila kutupa hata ukanda mmoja, na ndiyo sababu picha nyingi za awali ni za mraba. Kongoni, chui, kanga, kila mnyama alijifunza kujikunja ili aenee kwenye mraba huo, pembe zikipinda kufuata ukingo.

Kijana aliyenipokea alikuwa anachora tai bila kutazama popote. Nilimwonyesha chapa yangu. Akaishika muda wa kupumua mara moja au mbili, akanirudishia.

"Nimeshamwona, dada. Kaa hapa."

Alipaka bakigraundi kwanza, njano inayoyeyukia kwenye chungwa, mafuta juu ya mafuta yakiwa mabichi, brashi pana ikienda na kurudi mpaka mpaka wa rangi hizo mbili ukapotea. Ubao ukaanikwa. Tulipourudia, alichora punda milia. Nilitaka kumkumbusha, lakini nikanyamaza. Mwili wa punda milia anao mkononi, amemchora maisha yake yote. Akaujaza kahawia badala ya mistari, akarefusha shingo, na ile shungi iliyosimama akailaza kwa nukta nyeusi zinazoshuka begani moja baada ya nyingine. Mkia akauongeza. Hapo hapo, mbele yangu, punda milia akawa farasi. Alikuwa na jicho kubwa la mviringo lenye kope, jicho analopewa kila mnyama wa pale, na kwato zake zote nne zilionekana, hakuna maji ya kuzificha.

Nikamuuliza kama amewahi kumwona farasi. Akasema amemwona kwenye televisheni. Simba je? Simba pia kwenye televisheni.

Mwanafunzi hapo anaanza na kazi zisizo na sifa: kupiga msasa ubao, kupaka bakigraundi, kujaza rangi ndani ya umbo alilochora mwingine. Nukta zinakuja baadaye, na nukta ni mtihani. Brashi iguswe kwenye rangi kiasi kile kile kila mara, mkono ushuke wima, nukta ya mia iwe sawa na ya kwanza. Kijana yule aliniachia bawa la tai. Nukta zangu zilitoka na mikia.

Nikiweka farasi wawili hao pamoja akilini, naona kila shule imetoa kile ilichokitafuta. Farasi wa Keko ana uzito, unaona gari linamvuta nyuma. Farasi wa Msasani ana furaha, na hana gari, angelivunja. Lakini Msasani ina ugonjwa wake, na wachoraji wenyewe wanaulalamikia kuliko mimi. Mkono unaonakiliwa na mkono mwingine, nao ukanakiliwa na wa tatu, unabakiza kile kinachouzwa. Ukizunguka maduka ya Mji Mkongwe, Zanzibar, unaona Wamasai wale wale warefu kama mishumaa, mstari mmoja, jua moja jekundu nyuma yao, duka baada ya duka. Wengine wamechorwa na watu wenye kipaji. Nusu ya zilizotundikwa zimekufa, na aliyezichora anajua, ila kodi ya chumba haingoji.

Waliokataa kunakili

Hapa nilikumbuka upande wa tatu. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, Kampala, mwaka 1937, na hakutaka wanafunzi wake wanakili mabwana wa Ulaya. Aliwasomea hadithi, akawaeleza tukio kwa maneno, kisha kila mmoja achore alichokiona kichwani. Humo akatoka Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyekwenda baadaye kusoma Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru akarudi London kuiwakilisha nchi. Ukitaka mandhari ya shamba iliyochorwa kwa mafuta na Mtanzania bila kuazima farasi wa mtu, ni zake: watu wadogo wasio na sura, migomba, mlima. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa, New York.

Akatoka pia Elimo Njau wa Marangu, aliyemchora Kristo kati ya vilima vya Kikuyu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Yeye ndiye mkali kuliko wote. Msimamo wake, alioueneza kwa miaka mingi, ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Nilimpelekea mzee wa Keko maneno hayo. Aliyapokea kwa heshima, maana ni mtu wa swala tano. Kisha akauliza huyo bwana alifundishwa na nani kuosha brashi.

Si jibu la kejeli. Ninaamini Njau ana haki kuhusu picha na hana haki kuhusu shule. Nilichojifunza Keko hakikuwa farasi, kilikuwa mpangilio: nini kitangulie, nini kingoje, kwa nini nyekundu ikae pale na si pengine. Mambo hayo hayamo ndani ya mtu yakisubiri kuamshwa kwa hadithi. Yanapatikana kwa kurudia nyayo za aliyeyatatua. Constable mwenyewe alipokuwa kijana alinakili picha za Claude Lorrain, na kabla ya kuichora Hay Wain aliichora kwanza yote kwa haraka, ukubwa ule ule. Jaribio hilo linahifadhiwa kwenye jumba la Victoria na Albert, London. Alijinakili mwenyewe.

London, kwa kifupi

Nilipopata nafasi ya kuiona Hay Wain yenyewe, nilikwenda nikiwa na daftari. Ina sentimita 130 kwenda juu na 185 kwa upana, na buluu yote niliyohangaika nayo Keko haimo, ilikuwa ya kiwanda cha uchapaji. Anga ni ya kijivu na nyeupe yenye joto. Nyekundu ipo. Mzee alikuwa sahihi kwa kidole gumba tu.

Na tukirudi kwenye kunakili, Paris wana utaratibu mkali kuhusu wanakili. Jumba la Louvre, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1793, limewakaribisha tangu zamani, lakini kwa kibali, na kwa masharti kwamba nakala isilingane ukubwa na picha ya asili na saini ya mchoraji wake isirudiwe. Msasani hakuna sharti la ukubwa, ila la saini wanalo bila kuandikiwa: kila mmoja anatia jina lake chini, hata kama tai ni wa babu wa watu wote.

Kijitonyama, kisha Tandika

Kijiji cha Makumbusho kimekuwepo tangu miaka ya 1960, na daladala zinazopita nje zinapiga kelele jina lake bila kukifikiria. Ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali, msonge, tembe, nyumba za udongo za pwani, zimejengwa kwa vipimo na mbinu za kwao. Wanafunzi wa uchoraji huenda kukaa kivulini na kuchora. Kuna utulivu, na hakuna kazi inayofanyika, na hilo ndilo lililonifukuza. Shamba lisilo na mtu anayeinua kitu ni gumu kulichora.

Tandika kinyume chake. Siku za soko mikokoteni inapanda kutoka barabarani na magunia ya vitunguu, mmoja mbele ameshika mishikio, wawili nyuma wanasukuma. Niliketi kwa mama lishe nikamtazama yule wa mbele. Kabla mzigo haujaondoka, mwili wake unalala mbele kuliko inavyowezekana kusimama. Mguu wa nyuma umenyooka kabisa, kisigino hakigusi. Shingo inashuka, bega ndilo linaloongoza. Mkokoteni ukishaanza kwenda, anainuka. Nilifungua chapa yangu mezani, pembeni ya wali maharage. Farasi wa Constable hawavuti. Wamesimama, wanapumzika majini, na gari ni tupu. Nilikuwa nimechora uzito ambao haumo kwenye picha, kwa sababu mzee alipokuwa akinisahihisha alikuwa akifikiria mikokoteni ya Tandika, na mimi sikujua.

Na farasi halisi? Wapo, na wako Temeke. Polisi wana kikosi cha mbwa na farasi, na siku ya mechi kubwa kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa nimewaona wakipita juu ya vichwa vya mashabiki, warefu kuliko nilivyotegemea, wakinuka jasho na ngozi. Farasi akichoka kusimama hulegeza mguu mmoja wa nyuma, ncha ya kwato ikigusa chini tu, na nyonga ya upande huo inashuka. Hiyo kwenye chapa huwezi kuiona.

Mbagala Rangi Tatu

Mwenye baa mmoja aliiona nakala ya mzee, ile yenye giza tumboni, akataka ichorwe kwenye ukuta wake, urefu wa mita 4. Alitoa masharti. Miti ya Kizungu iondoke, iwekwe minazi na Kilimanjaro kwa mbali. Nyumba ya Willy Lott ibaki, ila ipate bati. Mbwa wa kwenye picha aondolewe. Na farasi wawe wanne, kwa sababu watatu hawakai sawa kwenye gari, mmoja atalalamika.

Minazi na mlima ni kazi za kila siku. Farasi wa nne alileta kikao. Hapakuwa na mraba wake, hapakuwa na cha kupindua juu chini. Mzee alikaa juu ya ndoo ya rangi muda mrefu akiutazama ukuta. Mwisho alichora kwa mkaa bega la msukuma mkokoteni, shingo imeshuka, mguu wa nyuma umenyooka. Nikamwambia habari ya nyonga ya farasi wa polisi. Akamwekea nyonga hiyo farasi wa pembeni yake. Shungi nilimwonyesha jinsi kijana wa Msasani alivyoilaza kwa nukta, naye akasema nukta ni za watalii, akazipiga hata hivyo, kwa brashi pana, na kutoka upande wa pili wa barabara zinaonekana nywele. Ukuta ulichorwa kwa rangi za kopo. Tyubu zangu zisingetosha hata kwa masikio.

Mwenye baa alikuja kukagua jioni, na chupa mkononi. Alihesabu farasi, wanne. Akauangalia mlima. Akalizunguka gari kwa macho, magurudumu, mbao, mnyororo, akauliza mbona halina namba.

Mzee hakubisha. Alimuuliza tu kama gari ni la binafsi au la biashara, ajue bamba analipaka njano au nyeupe.